Mlango wa Njia Moja

Mzazi mmoja wa Kamalondo alituuliza jambo lililomsumbua. Sahani yake ya jua hujaza betri mchana kutwa, lakini mtoto akiamka alfajiri kusoma, taa hufifia. Umeme umekwenda wapi? Tulitazama, tukaona kwamba diodi haikuwekwa. Usiku umeme ulikuwa ukirudi polepole kutoka kwenye betri hadi kwenye sahani.

Diodi ni nini basi? Ni kipande kidogo chenye pande mbili. Upande mmoja una elektroni za ziada. Upande wa pili una nafasi tupu, yaani mahali palipokosa elektroni. Nafasi nazo hutembea. Fikirini benchi la darasani: mtoto wa mwisho akiondoka, jirani yake husogea, na mwingine vivyo hivyo. Watoto huenda kulia, nafasi huenda kushoto.

Penye mpaka wa pande hizo, elektroni huvuka na kujaza nafasi zilizo karibu. Hubaki ukanda mwembamba usio na wachukuzi wa umeme, nao huwazuia wengine kama ukuta. Ncha chanya ya betri ikiungwa upande wa nafasi, na ncha hasi upande wa elektroni, wachukuzi husukumwa mpakani, ukuta hupungua, umeme hupita. Tukizigeuza ncha hizo, wachukuzi huvutwa mbali, ukuta hupanuka, na umeme huzuiwa, isipokuwa kiasi kidogo mno.

Diodi nyingi za redio za zamani zilikuwa za jemaniamu, na transista ya kwanza ya mwaka 1947 ilikuwa ya madini hayo hayo. Joto likizidi, jemaniamu huvujisha umeme. Kwa hiyo siku hizi silikoni hutumika zaidi. Hata hivyo jemaniamu ingali inatafutwa kwa miwani ya kuonea gizani na nyaya za kioo za mawasiliano.

Nayo haiko mbali nasi. Imo katika kilima cheusi cha Lubumbashi, takataka za tanuri za shaba zilizowashwa mwaka 1911, kwa kuwa mawe ya Kipushi yalikuwa nayo. Mwaka 2024 ilianza kupelekwa Ubelgiji ikasafishwe huko.

Wahenga walinena: penye miti hapana wajenzi. Enyi wanafunzi, jifunzeni kazi ya elektroni, ili methali hiyo isitusute daima. Na yule mzazi? Diodi moja ndogo imetosha. Taa ya mwanawe yawaka vema.