Marcel Dalio, bwana wa sehemu ndogo

Wapenzi wa senema walioitazama filamu ya Casablanca ya mwaka 1942 humtaja Humphrey Bogart, kisha Ingrid Bergman, wakanyamaza. Yule bwana mfupi, mwenye macho ya duara, anayechezesha kamari mkahawani, ni nani amjuaye? Mkuu wa polisi anaufunga mkahawa kwa kisingizio kuwa amegundua mna kamari ndani. Papo hapo bwana yule anamjia na pesa zake alizoshinda. Watu hucheka mpaka leo. Na jina lake halikuandikwa hata katika orodha ya wachezaji.

Ni Marcel Dalio. Alizaliwa Paris kwa wazee wa Kiyahudi waliohamia kutoka Rumania, na jina alilopewa ni Israel Blauschild. Katika filamu ya Pépé le Moko ya mwaka 1937, iliyotungiwa Kasba ya mji wa Algiers, alipewa kucheza mdaku wa polisi aitwaye L'Arbi, yaani Mwarabu. Zama hizo Wafaransa walipotaka Mwarabu wa kwenye senema, aghalabu walimtafuta kila mtu isipokuwa Mwarabu mwenyewe.

Mwaka ule ule Jean Renoir alimpa kazi ya maana katika La Grande Illusion. Dalio ni Rosenthal, askari tajiri wa Kiyahudi aliyefungwa na Wajerumani, anayewagawia wenziwe vyakula anavyoletewa kutoka kwao. Anatoroka pamoja na Jean Gabin. Njiani mguu wake unateguka, njaa inawashika, baridi inawauma, na Gabin anamtolea maneno mazito ya kumtusi Uyahudi wake, kisha anamwacha juu ya jiwe aende zake. Dalio anakaa akiimba kwa hasira, machozi yamemlenga. Msomaji, mara unamwona Gabin amerudi, amesimama kando yake. Hakuna anayeomba radhi. Wanashikana mkono wakaendelea na safari. Kwa rai yangu, hapo ndipo Dalio alipomzidi Gabin, ingawa Gabin ndiye aliyekuwa nyota.

Mwaka 1939 Renoir alimfanya lodi mwenye jumba na mashamba katika La Règle du jeu. Filamu ilizomewa, na wako walioudhika kuona Myahudi amevaa joho la ukabaila. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Paris. Dalio alikwisha ondoka na mkewe, Madeleine Lebeau, wakapitia Lisbon. Walikuwa na viza za Chile. Walipofika Mexico zikaonekana ni za bandia. Kwa hati za muda za Kanada ndipo wakafika Marekani. Nyuma yao, Wanazi waliichukua picha ya uso wake wakaibandika kwenye mabango kuwafundisha watu jinsi Myahudi alivyo. Wazazi wake walikufa katika kambi za Wanazi.

Basi ukiitazama tena Casablanca, na wale wakimbizi wanaohangaikia viza, kumbuka kwamba mchezesha kamari alikuwa mmoja wao kweli. Mkewe pia yumo: ndiye Yvonne, anayeimba wimbo wa Ufaransa huku akilia. Mwaka ule ule wa 1942 walitalikiana.

Baada ya vita alikuwa akenda na kurudi baina ya Paris na Hollywood. Alitokea hata katika The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, na Gregory Peck. Mwaka 1955 hadithi ya Casablanca ilipofanywa mchezo wa televisheni, safari hii Dalio alikuwa yeye mkuu wa polisi. Cheo kilipanda, ila mchezo wenyewe haukudumu.

Mwaka 1973 Wafaransa walijaa kumtazama Louis de Funès katika Les Aventures de Rabbi Jacob, kichekesho kinachowakutanisha Mfaransa mbaguzi, Mwarabu mwanasiasa na Mayahudi. Rabi wa kweli, mzee mcheshi mwenye ndevu, ni Dalio. Miaka mitatu baadaye akatoa kitabu cha maisha yake. Alifariki Paris Novemba 1983.