Sayari za Mbali Zilizoweka Rekodi, na Jinsi ya Kuzizuru Ukiwa Nyumbani

Voyager 1, chombo kilichofika mbali kuliko vyote vilivyoundwa na binadamu, hukimbia takribani kilomita 17 kwa sekunde. Hata kwa kasi hiyo, kufikia umbali wa nyota iliyo jirani zaidi na Jua kungechukua miaka zaidi ya 70,000. Kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, limeandaa mandhari za nyuzi 360 za baadhi ya sayari za mbali. Hutazamwa bure kwa simu, kompyuta au miwani ya uhalisia pepe. Wafuatao ni vinara wa huko mbali. Wanne wa mwisho wamo katika ziara hiyo ya mandhari.

Iliyo karibu zaidi: Proxima Centauri b, iliyogunduliwa 2016. Iko miaka ya nuru 4.2 kutoka kwetu.

Yenye joto kali kupindukia: KELT-9b. Upande wake wa mchana hupita nyuzi joto 4,000 za Selsiasi. Nyota nyingi hazifikii joto hilo.

Ya kwanza kuthibitishwa kuwa inazunguka nyota mbili kwa pamoja: Kepler-16b, 2011. Inua macho, utaona majua mawili angani.

Yenye mwaka mfupi kuliko zote ziarani: 55 Cancri e. Mwaka wake hautimizi saa 18, na joto lake huyeyusha miamba. Hapa utajikuta juu ya bahari ya lava.

Familia kubwa ya sayari zinazokaribiana na Dunia kwa ukubwa: TRAPPIST-1, nyota yenye sayari saba, zote zikiizunguka kwa karibu kuliko Utaridi inavyolizunguka Jua. Ukisimama kwenye TRAPPIST-1e, majirani zake wanaonekana angani.

Ya kwanza yenye ukubwa wa Dunia kupatikana katika ukanda unaoweza kuwa na maji ya kimiminika: Kepler-186f, 2014. Hapa unaweza kuipa sayari angahewa au kuiondoa, ukaona anga lote likibadilika mbele yako.

Hakuna darubini iliyowahi kuona ardhi ya sayari hizi. Kwa nyingi kati yake, wanasayansi hupima jinsi nyota inavyofifia sayari inapopita mbele yake, wakapata ukubwa wa sayari na urefu wa mwaka wake. Mabonde na mawe ni kazi ya msanii. Mwalimu mwenye simu janja moja tu anaweza kulipa darasa somo zuri: wanafunzi waangalie mandhari, kisha watenganishe kilichopimwa na kilichokisiwa.