Mama Mzazi na Amri ya Kutotoka Usiku

Tarehe 26 Machi, 2021, Serikali ya Kenya ilitangaza kufungwa kwa mipaka ya kaunti tano, nazo ni Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, ili kuzuia kuenea kwa maradhi ya Korona. Katika kaunti hizo watu waliamriwa wasionekane nje tangu saa mbili za usiku mpaka saa kumi za alfajiri. Wazee wa Bonde la Ufa hawakuwa wageni wa amri za namna hii, maana waliziona siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Lakini kwa mwanamke mwenye mimba ilikuwa shida ya pekee, kwa kuwa uchungu wa kuzaa hauangalii saa.

Hospitali hazikufungwa usiku. Shida ilikuwa njiani. Mtu akaaye Bondeni, mjini Nakuru, yu karibu na hospitali. Yule wa Kuresoi, Subukia au mashamba ya Molo hutegemea pikipiki au matatu, na vyombo hivyo vilipolala mapema, baba alisimama uani akijiuliza: Je, nikutane na askari njiani, au tungoje kupambazuke?

Kungoja huko ndiko kwenye hatari. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa saa chache, hata kama mchana wake alikuwa mzima. Mtoto naye, uchungu ukikawia bila msaada, aweza kukosa hewa kabla hajazaliwa. Mkunga wa jadi, hata awe hodari namna gani, hana damu ya kuongeza wala chumba cha kupasulia.

Mfano mzuri ulitoka Nairobi. Amri ya kwanza ya usiku ilipoanza nchi nzima tarehe 27 Machi, 2020, Dr. Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi, aliona akina mama wodini wamepungua, na wengine wakifika wamechelewa. Akajitolea kuwachukua kwa motokaa yake. Mwezi wa Aprili ukaanzishwa mpango ulioitwa Wheels for Life: mama alipiga simu nambari 1195 bila malipo, daktari akamsikiliza, kama kulikuwa na hatari alipelekewa gari la wagonjwa, na kama sivyo, teksi yenye ruhusa ya kupita usiku.

Jambo hilo jamaa yeyote aweza kulifanya nyumbani kwa kiasi chake. Baba apatane na mwenye gari mapema, fedha ziwekwe kando, na Kitabu cha Mama na Mtoto kiwe mahali pajulikanapo na wote. Mama akaaye mbali yafaa ahamie kwa ndugu walio karibu na hospitali kabla siku hazijatimia. Amri iliondolewa tarehe 20 Oktoba, 2021, lakini usiku wa masika tope la Kuresoi lina amri yake lenyewe.

Kadhalika, wakati wa maradhi hayo hospitali nyingi ulimwenguni ziliwazuia wasindikizaji. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mama aachiwe mtu mmoja amtakaye, asiye na dalili za ugonjwa. Wala si anasa: mama aliye na mwenzi wa kumshika mkono huzaa upesi zaidi, na hupasuliwa kwa nadra zaidi.

Watu wengi waliogopa pia kwamba mama mwenye Korona angemwua mtoto kwa maziwa yake. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Mama huyo alishauriwa anawe mikono, afunike pua na mdomo, kisha amnyonyeshe mtoto katika saa ya kwanza na kukaa naye.

Wageni ndio waliokuwa taabu. Desturi yetu ni kujaa chumbani kwa mzazi na uji wa wimbi na njahi, na kumpokezana mtoto. Palipo na maradhi, chakula na kipokelewe mlangoni, na abaki msaidizi mmoja tu. Baba aliyeajiriwa hana udhuru, kwani Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa likizo ya majuma mawili yenye mshahara. Katika majuma hayo na afue nepi, achote maji, na ampeleke mama na mtoto kukaguliwa, hata kama wote wawili waonekana wazima.