Je, Wajua? Jua Tele, Mifupa Dhaifu

Nchi za Ghuba zina jua karibu mwaka mzima, lakini upungufu wa vitamini D umeenea huko, hasa kwa wanawake wanaojistiri mwili mzima. Ngozi huitengeneza inapopigwa na miale ya urujuanimno, ambayo abaya nzito huizuia, na kioo cha dirisha vilevile. Bila vitamini hiyo mwili haufyonzi kalsiamu ipasavyo. Mifupa ya mtu mzima hulainika, nyonga zikauma, kupanda ngazi kukawa kazi. Basi tulilaumu vazi? La. Wanaume wa huko nao hupungukiwa, maana joto huwafungia wote ndani, kwenye viyoyozi. Wala hakuna haja ya kuvua stara: vipo vidonge vya vitamini D. Marekani hupendekeza yuniti 600 za kimataifa (IU) kwa siku kwa watu wazima hadi umri wa miaka 70. Aliyekwisha kupungukiwa huandikiwa zaidi na daktari.