Kwa Nini Treni Huchelewa: Sehemu Iliyo Mikononi mwa Abiria

Treni inapochelewa, kila mtu aliye stesheni hutafuta wa kulaumiwa. Mmoja humlaumu dereva, mwingine stesheni masta, na wa tatu huilaumu serikali. Lawama hizo mara nyingine zina haki, maana injini huharibika, taa za ishara huzimika, na mvua kubwa huchukua udongo ulio chini ya reli. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua zilikuwa kubwa hata treni za mitaa ya Nairobi zikasimamishwa kwa muda. Mambo ya namna hiyo abiria hana uwezo nayo.

Lakini iko sehemu nyingine ya kuchelewa ambayo haitoki katika injini wala mawinguni. Hutoka mlangoni mwa behewa, nayo huletwa na sisi wenyewe tunaosafiri. Yafaa tuifahamu vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo twaweza kuipunguza kuanzia kesho asubuhi, bila kungoja fedha wala mashine mpya.

NJIA NI MOJA TU

Reli ya kwanza ya nchi yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Njia hiyo ya zamani ina upana wa mita moja, na sehemu yake kubwa ni ya mstari mmoja. Maana yake ni kwamba treni iendayo na treni irudiyo hutumia vyuma vile vile. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni pana zaidi na treni zake ni za mbio, lakini hiyo nayo ni ya mstari mmoja.

Treni mbili, basi, haziwezi kupishana popote zitakapo, kama zifanyavyo motokaa barabarani. Hupishana stesheni tu, mahali palipo na njia ya pembeni. Moja huingia pembeni ikangoja mpaka nyingine ipite, na dereva hathubutu kutoka mpaka apewe idhini kwamba njia iliyo mbele yake ni tupu. Kanuni hii haina huruma wala upendeleo, kwa kuwa ndiyo inayolinda maisha. Treni ikutanapo na mwenziwe katika mstari mmoja hapana mahali pa kukwepea, na treni nzito iendayo kwa kasi huenda ikahitaji kilomita moja au zaidi kabla haijasimama.

Tuseme asubuhi moja treni iingiayo mjini Nairobi kutoka Ruiru yapaswa kupishana Dandora na treni itokayo mjini. Ile ya Ruiru imechelewa dakika 10 kwa sababu ya msukumano wa watu katika stesheni za njiani. Mara ile treni ya pili nayo yachelewa dakika 10, ingawa abiria wake waliingia kwa utaratibu na dereva wake hana kosa lo lote. Na kama treni hiyo ya pili ilikuwa na miadi ya kupishana na treni ya tatu mbele, hiyo nayo yapata hasara. Hivyo mtu aliyeuzuia mlango huko Githurai amemchelewesha mtu ambaye hatamwona maisha yake yote.

HESABU YA DAKIKA MBILI

Wako watakaosema, “Dakika mbili ni kitu gani?” Na tufanye hesabu. Treni ya mitaani yasimama katika stesheni 8, na katika kila stesheni yapoteza dakika 2 zaidi ya zile zilizowekwa katika ratiba. Mwisho wa safari imechelewa dakika 16. Ikiwa imechukua watu 1,000 waliovumilia kuchelewa huko kote, wamepoteza kwa pamoja dakika 16,000, yaani zaidi ya saa 260. Hizo ni kama siku 33 za kazi za mtu mmoja, kwa kuhesabu saa 8 kila siku, nazo zimepotea asubuhi moja katika treni moja. Wazee hawakukosea waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Wengine hudhani kwamba dereva aweza kuongeza mwendo akalipa deni hilo. Hawezi kwa kiasi kikubwa. Kila sehemu ya reli ina kipimo chake cha mwendo, hasa penye kona, madaraja na miteremko, na dereva anayekivuka kipimo hicho ahatarisha watu wote waliomo. Dakika iliyopotea stesheni ni ngumu sana kuipata tena njiani.

MLANGONI MWA BEHEWA

Mahali panapopotea dakika nyingi kupita pengine pote ni mlangoni. Treni ikiingia, watu walio nje huusonga mlango kabla haijasimama sawasawa, wakitaka kuwahi viti. Walio ndani nao wataka kushuka. Makundi mawili yakutana katika upenyo usiotosha zaidi ya watu wawili, na hapo hakuna anayeingia wala anayetoka. Mama mwenye mtoto mgongoni abanwa katikati, na mzee aliyetaka kushuka apelekwa mpaka stesheni ya mbele.

Dawa yake ni rahisi. Wanaongoja wasimame pande mbili za mlango na kuacha njia katikati. Wanaoshuka watoke kwanza, kwa maana kila anayetoka humwachia nafasi anayeingia. Huko Japani, nchi yenye miji iliyosongamana sana, stesheni nyingi zina alama chini zionyeshazo mahali mlango utakaposimama, na watu hupanga foleni penye alama hizo, wakangoja wenzao washuke ndipo waingie. Hawafanyi hivyo kwa kuwa wana nafasi nyingi. Wafanya hivyo kwa kuwa nafasi ni chache.

Ni kweli kwamba watu husukumana kwa sababu mabehewa hayatoshi saa za kwenda kazini, na wenye reli wana wajibu wa kulitazama jambo hilo. Lakini kusukumana hakujapata kuongeza kiti hata kimoja.

Tena kuna wale wakishaingia husimama pale pale mlangoni, na katikati ya behewa pana nafasi. Waogopa kwamba stesheni yao ikifika hawataweza kutoka. Hofu hiyo yaeleweka, lakini yaondoka pale kila mtu akubalipo kuwapisha wanaoshuka. Anayekwenda mbali aingie ndani kabisa. Anayeshuka karibu ajiandae mapema, kabla treni haijasimama.

MIZIGO NA WASINDIKIZAJI

Desturi yetu ya kumsindikiza msafiri ni desturi njema, na hatutaki iachwe. Lakini katika safari za mbali msindikizaji aingiapo ndani ya behewa, akaketi, akaanza kutoa salamu za kupelekwa kwa jamaa wote, huwa ameziba nafasi ya mwenye tikiti. Filimbi ikilia, yeye ndiye anayepigania kutoka huku wengine wakipigania kuingia. Wako walioumia vibaya kwa kuruka kutoka katika treni iliyokwisha ondoka. Salamu na zitolewe nyumbani, au nje ya behewa, na buriani isemwe kabla ya filimbi.

Mizigo nayo ina taabu yake. Gunia la viazi likiwekwa katika njia ya kupitia ndani ya behewa, kila mtu lazima aliruke, na mwenye gunia akishuka hana budi kulikokota mbele ya miguu ya watu thelathini. Mwenye mzigo mkubwa na aulize mapema utawekwa wapi, aufunge vizuri, na ausogeze karibu na mlango kabla ya kufika kwake. Kuku na samaki wabichi visifichwe chini ya viti, maana ugomvi wa abiria na mkagua tikiti ni sababu nyingine ya treni kungoja.

MNYORORO WA HATARI

Katika mabehewa mengi kuna mnyororo au mkono wa kuvuta wakati wa hatari. Haukuwekwa kwa mchezo. Chini ya mabehewa yote lapita bomba la breki, tangu injini mpaka mwisho wa treni. Mtu avutapo mnyororo, hewa iliyo katika bomba hilo huharibiwa mizani yake, na breki hushika magurudumu. Kisha gadi hana budi kulitafuta behewa lililovutwa mnyororo, aulize sababu, na aurudishe mahali pake. Baada ya hapo dereva hungoja mpaka bomba lipate nguvu tena ndipo aweze kuondoka. Jambo lililofanywa kwa nukta moja hula dakika nyingi.

Wako waliovuta mnyororo kwa sababu kofia imeanguka dirishani, au kwa kuwa stesheni yao imepita wakiwa wamelala. Hizo si hatari. Hatari ni moto, ni mtu aliyeanguka, ni mlango uliomnasa mtu. Katika mambo hayo usisite hata kidogo: vuta. Ila aliyepitiwa na stesheni yake na ashuke stesheni inayofuata.

SAA YA RATIBA NA SAA YETU

Kosa moja huwapata hata watu waliosoma. Ratiba za treni huhesabu saa tangu usiku wa manane, na sisi twahesabu tangu alfajiri. Treni iliyoandikwa 08.00 yaondoka saa mbili asubuhi. Iliyoandikwa 15.00 yaondoka saa tisa alasiri. Iliyoandikwa 22.00 yaondoka saa nne usiku, si saa kumi. Ukitaka kujua, ikiwa namba imezidi 12 toa kwanza 12; kisha kwa namba iliyobaki ongeza au toa 6. Ukiwa na shaka muulize muuza tikiti, tena umwulize kwa saa zetu za Kiswahili.

Zaidi ya hayo, saa iliyoandikwa ni saa ya magurudumu kuanza kuzunguka. Si saa ya kufika langoni. Abiria wa reli mpya huhitaji kuonyesha kitambulisho na kupitisha mizigo yao katika ukaguzi, ndiyo maana huambiwa wafike mapema. Huko Uingereza makampuni kadhaa ya reli hufunga milango nusu dakika au zaidi kabla ya wakati wa kuondoka, na anayekuja mbio huachwa. Jambo hilo laonekana kuwa ukali, lakini gadi akimngoja mmoja anayekimbia, nyuma yake hutokea wa pili, na wa tatu, na mamia waliofika mapema huadhibiwa kwa uaminifu wao.

JUU YA PAA NA KATIKATI YA RELI

Katika miaka iliyopita treni za mitaa ya Nairobi zilijulikana kwa vijana waliopanda juu ya paa na kuning'inia milangoni. Gadi mwenye akili hawezi kutoa ishara ya kuondoka huku akiona miguu ya watu ikining'inia nje. Treni husimama mpaka washuke, na wengine hushuka upande huu wakapandia upande wa pili. Mzaha huo umewaua watu.

Kadhalika wanaoshuka upande usio wa abiria na kutembea katikati ya reli, na wanaopanga bidhaa zao karibu na vyuma, humlazimisha dereva kwenda polepole na kupiga honi. Mtu akigongwa, treni husimama muda mrefu, polisi huitwa, na njia nzima hufungwa. Lakini hasara ya saa si kitu mbele ya mauti ya mtu mmoja.

ANAYELIPA NI NANI?

Mwenye motokaa yake halipi gharama ya treni iliyochelewa. Anayelipa ni kibarua wa viwandani ambaye lango hufungwa wakati uliowekwa, naye akifika dakika 15 baadaye hurudishwa nyumbani bila ujira wa siku ile. Ni mama aliyeambiwa ampeleke mtoto kliniki asubuhi, akafika na kukuta foleni imekwisha kuwa ndefu. Ni mwenye kuuza mboga, ambaye wanunuzi wake wamekwisha kupita. Watu hawa ndio wanaosafiri kwa treni kwa kuwa nauli yake ni nafuu, nao ndio wasio na akiba ya kufidia siku iliyopotea.

Kwa hiyo yafaa kila msafiri akumbuke mambo machache. Afike mapema, na tikiti mkononi. Awaache wanaoshuka watoke kwanza. Aingie ndani, asizibe mlango. Mzigo wake usizuie njia. Msindikizaji abaki nje. Mnyororo uvutwe kwa hatari tu. Na wazazi wawafundishe watoto kwamba reli si njia ya miguu.

Tukiyashika hayo, tutakuwa na haki iliyo wazi ya kuwadai wenye reli watimize sehemu yao: mabehewa ya kutosha, injini zilizotunzwa, na habari za kweli treni inapokawia. Anayetimiza wajibu wake hudai haki yake kwa sauti isiyotetemeka.