Kocha mzee na mstari wa pointi tatu



Watoto wetu wakishika mpira wa kikapu, hupenda kurusha kutoka mbali. Wazazi tuliozoea mchezo wa zamani tunashangaa: mbona hawasogei karibu? Mshangao huo alikuwa nao pia kocha maarufu wa Marekani, Gregg Popovich wa San Antonio Spurs.

Popovich alizaliwa mwaka 1949, akaanza kuifundisha Spurs mwaka 1996. Ubingwa wake wa kwanza, mwaka 1999, aliupata kwa ulinzi mkali na kwa wachezaji wawili warefu waliofunga karibu na kikapu, David Robinson na Tim Duncan.

Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979–80. Wakati huo, kwa wastani, timu ilijaribu mitupo ya mbali isiyozidi 3 kwa mchezo. Siku hizi inazidi 30. Kwa nini? Fanyeni hesabu. Ukirusha mara 10 kutoka ndani ya mstari ukafunga 5, una pointi 10. Ukirusha mara 10 kutoka nje ukafunga 4 tu, una pointi 12. Umekosa zaidi, lakini unaongoza!

Popovich alisema hadharani kwamba haupendi mtupo huo. Tena ulimuumiza. Katika fainali za 2013, zikibaki sekunde chache Spurs wawe mabingwa, Ray Allen wa Miami Heat alisawazisha kwa pointi tatu. Miami wakashinda mchezo huo na uliofuata, wakachukua kombe.

Mwaka 2014 Spurs waliwafunga Miami michezo 4–1. Msimu huo hakuna timu iliyowazidi kwa shabaha ya pointi tatu. Kocha hakuacha alichokiamini, yaani kupasiana mpaka apatikane mwenzenu aliye huru. Sasa huyo aliye huru mara nyingi alisimama nje ya mstari.

Hata hivyo, kazi haikuishia hapo. Msimu wa 2018–19 Spurs walirusha mitupo ya pointi tatu michache kuliko timu zote, na mwaka 2020 walikosa hatua ya mtoano baada ya kufuzu misimu 22 mfululizo. Mwaka 2023 alikuja Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Zamani kijana mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.20 angeambiwa akae chini ya kikapu. Popovich, mwenye miaka 74, alimwacha arushe kutoka mbali.

Wazazi wenzangu, si lazima tupende kila kipya cha watoto wetu, ila tujifunze kinavyofanya kazi. Nanyi watoto, mkubwa akikwambia "mpe mwenzako pasi," msikilize. Hilo halijapitwa na wakati.

Kazi ya wiki hii: mwombe mzazi, babu au bibi akueleze kwa Kiswahili mchezo aliocheza utotoni na jinsi ulivyobadilika. Andika sentensi 5, uzilete Jumamosi.