Programu ya Kuchora Ramani: Usiangalie Bei Peke Yake

Mchoraji ramani anayefungua kiofisi Ukunda huanza kwa kuuliza bei ya programu. Swali la pili wengi hulikumbuka pesa zikishatoka: vifupisho na menyu alizozizoea vitahama naye? Anayechora nyumba za wageni za Diani au maduka ya Msambweni kutwa nzima, mkono wake wa kulia uko kwenye kipanya na wa kushoto ndio unaotoa amri. Programu isiyomwachia nafasi ya kuupangia mkono huo kazi humla saa, na saa hizo hakuna mteja anayezilipia.

Tuanze na AutoCAD, maana ndiyo iliyowafunza wengi. Vifupisho vyake vimo katika faili ya maandishi ya kawaida iitwayo acad.pgp. Humo C ni duara, CO ni kunakili, na O ni OFFSET, amri ya kuweka mstari sambamba na mwingine. Kwa mchora kuta, hiyo OFFSET ndiyo ya kila dakika, nayo herufi yake imekaa upande wa kulia wa kibodi, mbali na mkono ulio huru. Dawa yake ni ndogo: mwishoni mwa faili andika D, *OFFSET na chini yake C, *COPY, hifadhi, kisha toa amri ya REINIT. Menyu hupangwa kupitia CUI. Huko unaweza kujitengenezea kitufe chenye maneno ^C^C_OFFSET;200; na ukikibofya tu, upana wa ukuta wa milimita 200 umeshawekwa, unabaki kuchagua mstari. Mabloki yako ya milango, matangi ya maji na nguzo za paa la makuti nayo yana paleti yake. Weka nakala ya faili hizi kwenye flashi, na hata ukichora kwenye mashine ya kuazima utajiona uko kwako.

Sasa pesa. Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Tangu hapo mteja ni mpangaji. AutoCAD kamili, kwa bei ya Marekani, ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni 258,000, na VAT ya asilimia 16 ikiingia unakaribia 300,000. AutoCAD LT ni kama dola 500, yaani shilingi 64,500 kabla ya kodi. LT haitengenezi maumbo ya pande tatu, lakini vifupisho na menyu unaibadilishia vilevile. Ilichokosa kwa miaka mingi ni AutoLISP, lugha ya kujitungia amri, nayo ikaingizwa katika toleo la 2024. Kwa michoro bapa ya kupeleka kaunti, sioni kwa nini mtu wa peke yake alipe mara nne.

Ofisi ya mashine tatu ina hesabu nyingine. LT tatu kwa miaka mitano ni shilingi 967,500, kodi haijaguswa. Hapo ndipo pa kuzungumza na wauzaji wa BricsCAD ya Ubelgiji au ZWCAD ya Uchina. Zote mbili hufungua DWG, huelewa vifupisho vya mtindo wa PGP, huendesha LISP, na bado zina leseni ya kununua mara moja. Tena zimebakiza menyu za kale za kushuka, mpangilio ambao AutoCAD iliuondoa katika toleo la 2015 (ingawa MENUBAR ukiipa 1, ukanda wa menyu hurudi). Omba bei ya maandishi, na uliza kwa mkazo kama masasisho yamo ndani yake au yanalipiwa kando.

Za bure zipo, ila zina mtego wake. LibreCAD haidai hata senti, ina faili yake ya vifupisho, na inakuruhusu kujiundia upau wa zana. Lakini huhifadhi kwa DXF, wala si DWG. Ramani za kuidhinishwa huhitaji mhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa na BORAQS, na huyo akiwa Mombasa, ng'ambo ya Likoni, huenda akataka DWG iliyo safi. Mkubaliane mapema. QCAD Professional, kwa takriban euro 40, inafungua na kuhifadhi DWG, na amri zake za herufi mbili, mfano LI kwa mstari, hazingoji hata Enter. Kwa anayeanza na mfuko mwepesi, mimi ningemwelekeza huko kwanza, mradi ajue kwamba faili yake ya PGP haitahama kama ilivyo. Vifupisho atavipanga upya.

Ile iliyovunjwa kufuli, inayopita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, siihesabu kama chaguo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaikataza, na mara nyingi huja na virusi vinavyoweza kuondoka na ramani za wateja wako.

Mwanafunzi wa chuo hupata AutoCAD bure kwa mwaka mmoja, na kuihuisha angali anasoma, bila ruhusa ya kuitumia kwa kazi ya malipo. Muda huo autumie kuandika PGP yake taratibu. Siku leseni ya shule ikikoma, BricsCAD au ZWCAD itaipokea.